Nilimfundisha Mmarekani Kujibu "Salama"

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: jina langu Ayoub, umri wangu miaka ishirini na nne, na nina shahada ya tafsiri ambayo kwa miezi minane haikunipatia kazi ila ya kuwaandikia majirani barua za maombi. Halafu klabu ya mpira wa kikapu ya An-Nakhla, hapa Ibra, Oman, ikamleta mchezaji kutoka Marekani, ikanitafuta mimi niwe ulimi wake.

Mchezaji mwenyewe ni Corliss Whitaker. Ana miaka thelathini na nne, na kwa miaka kumi na miwili amecheza katika nchi saba, hakuna hata moja iliyo yake. Nafasi yake ni gadi. Ndiye anayeupandisha mpira, ndiye anayeamua nani apewe na lini.

Nimekwisha kusimulia begi lake lilivyopotea akacheza mechi ya kwanza kwa viatu vya kuazima, na tulivyofungwa mara nne mfululizo, kila mtu akamtazama yeye kana kwamba wengine wanne walikuwa nguzo. Wiki iliyopita niliishia Sur, mji wa pwani, chumbani kwa daktari, Corliss kalala kifudifudi, daktari anambonyeza kano ya kisigino cha kushoto.

Basi daktari alisema hivi: kano imechanika kidogo. Apumzike wiki tatu, asikimbie wala asiruke. Akicheza hivyo hivyo itakatika, na kwa umri wake ikikatika, kikapu ndiyo basi.

Akaandika karatasi. Nikaitia kwenye faili langu.

Hapo ndipo makosa yangu yanapoanza, na leo nitayasema yote, hata yale yanayoniunguza uso.

Kutoka Sur hadi Ibra ni mwendo wa kama saa mbili. Corliss alikaa kimya njia nzima, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nikamhurumia. Ili nimchangamshe nikamweleza mifereji yetu ya zamani ilivyochimbwa, nani alipata zamu ya maji na kwa saa gani. Alitikisa kichwa mara mbili tatu.

Tulipokaribia mji simu yangu ikalia. Alikuwa Ami Marhun, mwenyekiti wa klabu. Si ami yangu wa damu, namwita hivyo kwa umri wake na kwa kuwa amezaliwa Unguja kama bibi yangu, na huzungumza nami Kiswahili.

"Mpo wapi, mwanangu?"

"Tunaingia Ibra, ami."

"Mpitishe sabla kwanza. Watu wanataka kumwona."

Sabla ni baraza ya wanaume wa mtaa. Tuliwakuta kama thelathini wamekaa kuzunguka kuta, kahawa tayari, sinia la halua katikati.

Sasa sikilizeni desturi, maana bila ya desturi hii nisingekuwa na kisa. Kwetu mgeni akishakaa huulizwa habari. Huulizwa kwa maneno yale yale waliyoulizwa babu zetu: kuna habari? Kuna jipya ulilolisikia? Naye hujibu hakuna ila kheri, kumetulia, na afya ni njema, tunamshukuru Mungu. Hujibu hivyo hata kama nyumba yake imeungua asubuhi ile. Habari zenyewe hutoka baada ya kahawa, taratibu, mdomo kwa sikio.

Nilikuwa nimemfundisha Corliss majibu hayo wiki yake ya kwanza. Nilimfundisha mpaka na mahali pa kuweka mkono kifuani. Nikajiona nimejenga daraja baina ya mabara mawili.

Ami Marhun akamgeukia, akauliza kwa Kiarabu cha heshima, neno kwa neno. Corliss akaweka mkono kifuani, akajibu yote bila kukosea hata herufi. Hakuna habari. Hakuna jipya. Kumetulia. Afya? Salama, alhamdulillahi.

Baraza zima likacheka kwa furaha. Mzee mmoja akasema, "Huyu Mwomani kuliko wanangu, wao wakiulizwa habari hutazama simu."

"Nani kamfundisha?" akauliza mwingine.

"Mimi," nikasema.

Wakanisogeza mbele. Wakanikatia halua kabla ya watu wazima. Mmoja aliniuliza shahada yangu ya nini, mwingine akasema kijana kama huyu angefaa wizarani. Nilikaa pale saa nzima, nimejaa kama puto, na karatasi ya daktari iko chini ya paja langu ndani ya faili.

Kisha Ami Marhun akanyanyuka. Alikuwa na msiba Sinaw, lazima awahi matanga.

Nikajiambia, kesho.

Ijumaa alikuwa Sinaw. Jumamosi simu yake haikupokewa. Jumapili asubuhi nikaona nisizidi kuchelewa, nikampelekea karatasi kocha.

Kocha Firas anatoka Amman, mtu mwembamba asiyekaa kitini. Aliisoma amesimama, akaisoma tena, kisha akanirudishia kwa ncha za vidole viwili.

"Ya tarehe gani hii?"

"Alhamisi, kocha."

"Na Alhamisi jioni alikuwa wapi?"

"Sablani kwa Ami Marhun."

"Akaulizwa afya yake?"

Nikaikunja karatasi.

"Mimi nilikuwepo, Ayoub. Nilikaa karibu na mlango. Akasema salama mbele ya watu thelathini, leo ananiletea kano." Akaanza kutembea. "Unajua nimefundisha wageni wangapi? Kumi na wanne. Akitaka kuhama, huumwa. Kwanza mgongo, halafu kano. Ukimwachia, wiki ya pili unamwona kwenye picha na jezi ya klabu nyengine, anaruka kama mbuzi."

"Daktari ameipima kwa mashine, kocha. Nilikuwepo."

"Daktari wa Sur. Kule watu wanajua magonjwa ya samaki."

"Kocha."

"Mkataba unasema mchezaji akiumia aiarifu klabu ndani ya siku mbili. Siku mbili zimepita. Ama acheze Alhamisi hii Nizwa, ama mkataba uvunjwe na tuandike kwamba alificha jeraha. Mwambie. Na mwambie kwa maneno haya haya, usiyapake asali."

Alhamisi Nizwa ilikuwa mechi ya kubaki daraja au kushuka. Hiyo mimi naielewa. Lakini nilielewa pia kwamba mchezaji akishaandikwa kuwa alificha jeraha, hakuna klabu itakayomgusa, na akicheza, kano itakatika. Njia mbili, na zote mbili nimezichimba mimi kwa ulimi wangu.

Nilimkuta Corliss kwenye fleti yake, mguu ndani ya ndoo ya barafu. Nikamweleza yote, sikupaka asali.

"Umempa karatasi?" akauliza.

"Nimempa."

Akatazama barafu. "Na hakuiamini."

"Hakuiamini."

Akacheka kidogo. Nikadhani ni kicheko cha uchungu.

"Basi sawa, Profesa. Nitacheza."

Huniita Profesa tangu siku ya kwanza, kwa dhihaka. Siku hiyo jina lile lilinichoma. Nilishuka ngazi macho yamejaa machozi, naona mtu mwema anaonewa, na mimi ndiye niliyemfunga mikono.

Bibi yangu, Bibi Saliha, ndiye aliyenilea. Ana miaka themanini na moja na Kiswahili chake bado kina marashi ya Mji Mkongwe. Nilipomsimulia alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Huyo kajikwaa dole. Wewe?"

"Bibi, mimi nilifuata adabu."

"Adabu ipi, baba? Adabu inasema jibu salama, kisha kunywa kahawa, kisha sema. Wewe ulifika kwenye kahawa ukakita nanga. Mungu kakupa ulimi wa kusemea, umeufanya wa kulia halua."

"Nifanye nini sasa?"

"Nenda kwa Marhun. Lakini usende na uso huo, atadhani nimekufa."

Kesho yake nilimkuta Ami Marhun shambani kwake, anawasimamia watu wanaosafisha mitende. Nikamwamkia, akaitika, na kabla sijakaa nikaanza kumwaga.

"Ami, yale majibu ya sablani hayakuwa ushahidi. Wewe unajua. Kila mtu husema kumetulia. Ndiyo mila."

"Najua."

"Basi kocha anamhukumu kwa maneno ya mila."

"Hilo nalo najua." Akafuta mikono. "Na mila inasema pia kwamba baada ya kahawa mgeni husema linalomsumbua. Mimi nilimwona anavyochechemea tangu mlangoni. Nilingoja. Nilikaa saa nzima, Ayoub, na wafiwa walikuwa wananingojea Sinaw. Nilikuwa naitazama midomo yako."

Ningeweza kusema nilisahau, lakini sikusahau. Nilikuwa naikumbuka karatasi ile kila dakika, na kila dakika nikasema ngoja, wamalizie kwanza kunisifu.

Nilimwambia hivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

Ami Marhun hakunikemea. Alikaa juu ya ndoo ya maji iliyopinduliwa, akafikiri.

"Skiza. Wewe ni mwajiriwa wa klabu. Mwajiriwa akipewa habari, klabu imepewa. Ukiandika kwa mkono wako kwamba siku ile ile ulikuwa na karatasi na hukuifikisha, basi yeye hakuficha kitu. Aliarifu, na aliyelala nayo ni sisi. Atapumzika wiki zake tatu, mkataba uko pale pale, na Firas hana la kusema."

"Na mimi?"

"Wewe kazi huna."

Nilitazama wale watu wakipanda mitende. Miezi minane niliitafuta kazi ile.

"Nipe kalamu, ami."

"Usikurupuke. Leo Jumatatu. Fikiri mpaka Jumatano."

Sikufikiri. Niliandika usiku ule ule kwa hati yangu nzuri kabisa, nikaandika upya mara tatu kwa sababu kila mara nilijihurumia kidogo katikati, na Jumatano nikampelekea Ami Marhun pamoja na karatasi ya daktari. Kwa Corliss sikusema neno. Nilitaka jambo hili alipate ghafla, kama mtu anayefunguliwa mlango akiwa ameshakata tamaa. Nilikwisha kuona mpaka uso atakaoufanya.

Alhamisi timu iliondoka mapema kwa basi. Mimi nikaenda na Ami Marhun kwenye gari yake, kwa njia ya Sinaw, karatasi mbili ziko mfukoni mwa kanzu yake. Akaniambia, kwa kuwa Firas hamwamini daktari wa Sur, atazikabidhi kwa daktari wa mashindano kabla ya mpira kurushwa, na daktari atamuuliza mchezaji kwa kinywa chake mwenyewe, ndiyo kanuni.

"Utamtafsiria kwa mara ya mwisho," akasema.

"Inshaallah, ami."

Ukumbi wa Nizwa ulikuwa umejaa. Vijana wa pale walikuja na ngoma, na walipoiona jezi yetu wakaanza kutuimbia kwamba basi letu limeshawashwa, turudi kwetu. Nikapenya mpaka kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo. Corliss alikuwa peke yake, mguu juu ya benchi, anajizungushia plasta kisiginoni, tabaka juu ya tabaka.

"Iondoe," nikamwambia, natabasamu kama mpumbavu. "Huhitaji kucheza."

"Unasema nini?"

Nikamweleza. Barua yangu, karatasi ya daktari, wiki tatu, mkataba ulio salama. Nilieleza haraka haraka kwa furaha. Uso niliokuwa nikiungoja haukuja.

"Karatasi iko wapi sasa hivi?"

"Kwa Ami Marhun. Anampelekea daktari wa mashindano."

Akashusha mguu. "Safu ya tatu, nyuma ya meza ya waamuzi, kuna mtu ana shati jeupe na begi jeusi. Umemwona?"

"Hapana."

"Anatoka klabu moja ya Kuwait. Amekuja kunitazama mimi. Msimu ujao, nyumba, na viza za familia. Za familia, Profesa. Mwanangu wa kike ana miaka tisa. Hajawahi kuniona nikicheza ila kwenye simu." Alikuwa anasema polepole, jinsi mtu anavyosema ili asipige ukuta. "Akisikia neno kano, atachukua begi lake."

"Lakini daktari alisema ikikatika..."

"Nilisikia alichosema. Alisema kwa Kiingereza."

"Mbona hukuniambia?"

"Saa mbili ndani ya gari. Uliniuliza? Ulinieleza mifereji."

Nikaegemea ukuta.

"Na pale kwa wazee," akaendelea, "ulidhani nilijibu vile kwa sababu ulinifundisha? Nilijua nilichoulizwa. Nilijibu nilichotaka kujibu. Kisha nikakuona umekaa na faili lako, hulifungui, nikasema huyu kijana ana akili, amenielewa."

Wallahi, maneno yale yaliniumiza kuliko tusi. Wiki nzima nilikuwa naubeba mzigo wa kumharibia mtu kwa kunyamaza, kumbe kunyamaza ndiko kulikomfaa. Kilichomharibia ni wema wangu.

"Miaka kumi na miwili," akasema, "kila mahali kuna mtu anayeniamulia kwa lugha nisiyoijua. Kocha, wakala, mwenye nyumba. Wewe nilidhani wa kunisemea tu. Nenda kaichukue hiyo karatasi."

"Na mguu wako?"

"Mguu ni wangu."

Nilitoka mbio. Niliupita mstari wa watu wa ngoma, mmoja akaniuliza kama nakimbilia basi. Nilimwona Ami Marhun kwenye meza ya waamuzi, na nilipomfikia karatasi zilikuwa tayari mikononi mwa mtu wa makamo mwenye miwani, anasoma huku amezikunjua juu ya meza.

"Ami," nikamnong'oneza, "zirudishe. Hazitaki."

"Nani hazitaki?"

"Corliss. Anataka kucheza."

Ami Marhun akanitazama kama anayetazama mtoto aliyevunja sahani mbili mfululizo. "Mwanangu, barua umeandika wewe, ukatia saini wewe. Mimi nazirudisha vipi kutoka mkono wa mtu?"

Kocha Firas naye akafika, ameuona mkusanyiko. Akasoma juu ya bega la daktari, na nikamwona anafika kwenye jina langu. Midomo ikamkauka.

"Kumbe kweli," akasema taratibu. Hakumwambia mtu. Kisha akanigeukia. "Kweli imechanika, Ayoub?"

"Kweli, kocha."

Alishika kiuno, akatazama uwanjani, kwa wachezaji wake waliokuwa wanapasha viungo. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama pasipo kutembea.

Corliss alikuwa anakuja. Alitembea sawasawa, hachechemei hata kidogo. Nikajua hatua moja moja inamgharimu nini, kwa sababu mimi niliona kwa macho yangu siku daktari anabonyeza pale. Nyuma ya meza, safu ya tatu, mtu wa shati jeupe aliinama mbele, kama mita mbili tu kutoka tulipo, ameanza kuvutiwa na jambo letu.

Daktari wa mashindano akavua miwani. Hakuwa mtu mkali.

"Huyu ndiye?" akauliza kwa Kiarabu. "Kijana, mtafsirie. Mwambie nimeisoma karatasi hii. Namuuliza yeye mwenyewe: kisigino chako kikoje, na unaweza kucheza leo bila hatari? Neno lake ndilo nitakaloliandika. Na wewe," akanielekezea kalamu, "unaniletea alichosema yeye, na kama ulikuwepo kwa yule daktari, unaniletea na ulichokiona. Nataka yote mawili."

Nikamtafsiria Corliss. Nilimtafsiria lote, hata kile kipande cha mwisho kilichonihusu mimi.

Alinisikiliza macho yake yako juu yangu, si juu ya daktari. Kisha akatabasamu, tabasamu la kupigia picha, akasimama kwa mguu wa kushoto peke yake, akajiinua juu ya vidole. Mara moja. Mara ya pili. Kwenye shingo yake mshipa ulisimama kama kamba.

"Waambie ni jeraha la zamani," akasema kwa Kiingereza. "Limepona. Na wewe hukuona kitu." Kisha, chini chini, bila kufuta lile tabasamu: "Tafadhali, Ayoub."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu.

Refa alikuwa ameshaushika mpira katikati ya uwanja. Ngoma zilinyamaza. Ami Marhun alitazama midomo yangu, Firas alitazama midomo yangu, na yule mtu wa safu ya tatu alikuwa amesimama kabisa.

"Anasemaje?" daktari akauliza.